MZIO WA MATUNDA: NAMNA UNAVYOTAMBULIWA NA WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI



Mkoa wetu wa Njombe ni mkoa wa matunda. Parachichi la aina ya Hass limekuwa zao la biashara linalovuka mipaka ya nchi. Matufaa, mapeasi, mapichi na plamsi hustawi katika baridi ya nyanda zetu za juu. Pale Makambako, mahali zinapokutana reli ya TAZARA, barabara kuu iendayo Zambia na barabara ya Songea, hushushwa mananasi, maembe, ndizi na mapapai kutoka sehemu zenye joto. Kwa hiyo ni vigumu kupata chama cha msingi katika eneo letu ambacho wanachama wake hawachumi, hawapangi au hawali matunda katika msimu.

Penye wingi huo hapakosi malalamiko. Husikika kwamba fulani akila parachichi midomo humwasha, kwamba mtoto wa fulani alitokwa na vipele kwa ajili ya nanasi, au kwamba mpangaji wa matunda ghalani alivimba macho. Aghalabu hukumu hutolewa upesi. Wengine husema ni sumu, wengine husema ni mkono wa jirani, na wengine humkataza mtoto matunda yote tangu siku hiyo. Makala haya yanaeleza mzio ni nini, ni mambo gani yanayofanana nao, na hasa ni kwa njia gani wataalamu wa afya huutambua. Shabaha yake ni kwamba tunda lisihukumiwe bila ushahidi, wala dalili ya hatari isidharauliwe.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Kukosea katika jambo hili kuna hasara mbili. Hasara ya kwanza ni ya uhai. Mtu mwenye mzio wa kweli, asipotambuliwa, anaweza kula tunda lile lile tena na safari hii akazibwa koo au akaanguka kwa kushuka kwa damu.

Hasara ya pili ni ya lishe na riziki. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Mkoa wa Njombe wamedumaa, ilhali kwa nchi nzima ni watoto 30 hivi katika kila 100. Katika mkoa wenye hali hiyo, kumnyima mtoto parachichi, ndizi na papai kwa sababu ya upele mmoja usiochunguzwa ni kumpunguzia chakula anachokihitaji. Kadhalika, kumwondoa mwanachama kazini ghalani kwa kuwa "matunda yamemkataa" ni kumnyima pato lake, na huenda tunda halina kosa lolote.

MZIO NI NINI

Mzio, ambao wengi huuita aleji, ni kosa la kinga ya mwili. Kinga ya mwili ipo ili kupambana na vijidudu na minyoo. Katika mzio, kinga hiyo hukosea na kukichukulia kitu kisicho na madhara, kama protini ya tunda, kuwa adui. Neno aleji lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet. Hata hivyo, kitu chenyewe kinachosababisha mzio wa haraka kilijulikana baadaye sana. Mwaka 1966 Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walitangaza kupata kingamwili ya aina mpya. Muda si mrefu wataalamu wa Sweden nao waliipata kwa njia yao, na mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likakubali iitwe IgE.

Kazi yake ni hii. Mtu anapokutana na protini fulani, mwili wake unaweza kutengeneza IgE za kuitambua protini hiyo. IgE hizo hujishika kwenye chembe fulani zilizomo katika ngozi, pua, midomo, mapafu na matumbo. Mtu huyo hajisikii lolote. Siku nyingine anapokula tunda lile, protini hugusana na IgE, na chembe zile humwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Hapo ndipo mwasho, uvimbe, chafya, kutapika au kubanwa na pumzi hutokea. Kwa kawaida huchukua dakika chache, na mara nyingi haizidi saa mbili baada ya kula.

Katika maelezo hayo mna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, mtu anaweza kuwa alikula tunda miaka mingi bila shida, kisha mzio ukaanza ukubwani. La pili, kuwa na IgE mwilini si sawa na kuwa na ugonjwa. Jambo hili la pili tutalirudia, kwa kuwa ndilo linalowapotosha watu wengi wanaopimwa.

NJIA TATU ZA MZIO WA MATUNDA

Njia ya kwanza hupitia chavua, yaani unga wa maua unaopeperushwa na upepo. Katika Ulaya ya Kaskazini watu wengi wana mzio wa chavua ya mti uitwao betula. Protini ya chavua hiyo hufanana na protini iliyomo katika tufaa, pichi na peasi, na kwa hiyo mtu huwashwa midomo na koo anapokula tufaa bichi. Protini hiyo huharibika kwa moto, hivyo tufaa lililopikwa mara nyingi halimsumbui. Mti huo si wa misitu yetu, lakini nyasi tunazo, na chavua ya nyasi nayo ina protini inayofanana na ile ya tikiti na ndizi.

Njia ya pili ni ya protini imara iliyomo zaidi katika ganda la pichi, na pia katika tufaa na plamsi. Imejulikana sana katika nchi zinazopakana na Bahari ya Kati. Protini hii haiharibiki kwa kuchemshwa wala kwa tumbo kuisaga, na inaweza kuleta mzio mkali wa mwili mzima. Wakati mwingine mtu hula tunda lake bila shida akiwa ametulia, lakini akifanya kazi nzito mara baada ya kula, au akinywa pombe au dawa ya maumivu kama aspirini, mzio hutokea. Ndiyo maana si halali kumwambia kila mtu, "Menya ganda au chemsha, utakuwa salama." Shauri hilo humfaa mmoja na kumdhuru mwingine.

Njia ya tatu inatuhusu sana sisi wakulima wa parachichi, nayo hupitia mpira wa asili. Utomvu wa mti wa mpira hutumika kutengenezea glavu, mapulizo ya watoto na vifaa vingi vya hospitali. Mwaka 1994 Carlos Blanco na wenzake wa Hispania walieleza kwamba watu wengi wenye mzio wa mpira huo huwa pia na mzio wa parachichi, ndizi na matunda mengine. Sababu yake ni kwamba parachichi na ndizi zina protini ambayo sehemu yake hufanana na protini ya utomvu wa mpira. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 100 wenye mzio wa mpira, 30 hadi 50 huonyesha pia mzio kwa tunda au mmea fulani. Kwa hiyo mpangaji wa parachichi anayevaa glavu za mpira siku nzima huenda akalilaumu tunda, ilhali chanzo kimo katika glavu.

MAMBO YANAYOFANANA NA MZIO

Kabla ya kusema mzio, yafaa kuyaondoa haya yafuatayo:

(a) Ukali wa tunda lenyewe. Nanasi lina kimeng'enya kinachosaga protini, na papai bichi lina papaini, ambayo ndiyo hulainisha nyama. Mtu akila nanasi jingi ulimi huwasha na hata kuchubuka. Mtoto mchanga aliyeanza chakula huweza kuwa mwekundu au kupata vipele kuzunguka midomo kwa sababu ya uchachu wa tunda lililopakaa ngozini. Hayo si mzio. Walakini unga wa papaini, inayokaushwa na kuuzwa kutoka Kongo ya Mashariki, unaweza kuwaletea pumu ya kweli wafanyakazi wanaouvuta puani.

(b) Utomvu wa embe. Ganda na kikonyo cha embe vina kemikali ya jamii moja na ile ya mafuta ya ganda la korosho. Huleta upele wenye malengelenge kuzunguka midomo au mikononi baada ya siku moja au mbili, wala si baada ya dakika. Huu nao ni mzio, lakini ni wa aina nyingine usiotokana na IgE, na kipimo chake ni tofauti.

(c) Ndimu na jua. Maji ya ndimu au limau yakibaki ngozini na mtu akakaa juani, ngozi huungua, hutoa malengelenge, kisha hubaki na mabaka meusi kwa majuma mengi.

(d) Dawa za kuua wadudu. Mtu aliyenyunyiza dawa au aliyekula tunda lililonyunyizwa karibuni, akitokwa na mate mengi, jasho na machozi, mboni za macho zikawa ndogo, misuli ikatetema na tumbo likaendesha, huyo ana dalili za sumu, na tiba yake si ya mzio. Akimbizwe hospitali pamoja na chombo cha dawa au kibandiko chake.

(e) Dawa ya kuhifadhi. Baadhi ya matunda yaliyokaushwa hutiwa salfaiti yasibadilike rangi. Salfaiti inaweza kumbana mtu mwenye pumu hata kama hana mzio wa tunda lenyewe. Vyama vinavyokausha matunda viandike wazi katika kifurushi iwapo vimeitumia.

(f) Ua la pareto. Wachumaji wa pareto huweza kupata upele wa mikono na uso kutokana na maua hayo. Mwanachama anayelima pareto na matunda pamoja asikimbilie kulaumu tunda.

NAMNA MZIO UNAVYOTAMBULIWA

Utambuzi wa mzio hufuata hatua nne, nazo hufuatana kwa mpango. Hakuna hatua inayoweza kusimama peke yake, isipokuwa ile ya mwisho, na ile ya mwisho haifanywi bila kutanguliwa na nyingine.

Hatua ya kwanza: maelezo ya mgonjwa. Hii ndiyo nguzo. Tabibu atauliza ni tunda gani, bichi au lililopikwa, lenye ganda au lililomenywa. Lililiwa kiasi gani. Dalili zilianza baada ya dakika ngapi na zilidumu kwa muda gani. Atauliza ni mara ngapi jambo hilo limetokea, na kama baada ya hapo mgonjwa amekula tunda lile lile bila shida. Jibu la swali hili la mwisho lina uzito mkubwa. Mtu aliyekula ndizi kumi tangu siku ya tukio bila lolote, ndizi yaelekea haina hatia. Atauliza pia kuhusu pumu, mafua ya vumbi, dawa zilizotumiwa, pombe, kazi nzito na glavu.

Hatua ya pili: kipimo cha ngozi. Tone dogo la dondoo la kitu kinachoshukiwa huwekwa mkononi, kisha ngozi huchomwa kidogo sana kwa ncha maalumu. Pembeni huwekwa tone la maji ya chumvi, ambalo halipasi kuleta uvimbe, na tone la histamini, ambalo lazima lilete uvimbe. Baada ya dakika 15 hadi 20 uvimbe hupimwa kwa rula. Ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, kipimo huhesabiwa kuwa kimeonyesha. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mpimaji hupapasa uvimbe kwa kidole na kuuzungushia kalamu.

Kwa matunda kuna utaratibu wa pekee. Protini za matunda mengi huharibika upesi katika dondoo za dukani, hivyo wataalamu huchoma tunda bichi lenyewe kwanza, kisha kwa ncha ile ile huchoma ngozi. Mgonjwa hana budi kueleza dawa zote anazotumia, kwa kuwa vidonge vya mafua na vya mwasho huficha matokeo. Daktari atamwambia aviache kwa siku ngapi. Na isije ikadhaniwa kwamba jambo hili laweza kufanywa nyumbani kwa sindano ya kushonea. Hufanywa mahali penye dawa za dharura tu.

Kwa upele wa embe unaochelewa, kipimo ni cha bandiko. Kitu kinachoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa siku mbili, na ngozi husomwa linapobanduliwa na tena siku moja au mbili baadaye.

Hatua ya tatu: kipimo cha damu. Hiki hupima IgE inayolitambua tunda fulani. Kina manufaa kwa mtu asiyeweza kuacha dawa au mwenye ngozi iliyoharibika. Lakini sisi tulio katika ushirika twajua kwamba stakabadhi peke yake si mzigo ghalani. Mkaguzi hulinganisha stakabadhi na magunia yenyewe. Vivyo hivyo IgE katika damu ni stakabadhi. Mzigo wenyewe ni dalili anazopata mtu anapokula.

Barani kwetu jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya minyoo na kichocho. Kuna sukari fulani zilizoshikamana na protini za mimea ambazo hufanana na sukari za minyoo. Mwili uliopigana na minyoo huweza kutengeneza IgE zinazoshika sukari hizo, na mashine ikasoma kwamba mtu ana mzio, ilhali hana. Nchini Ghana, utafiti uliotangazwa mwaka 2013 kuhusu watoto 1,604 wa shule ulionyesha kwamba 17 hivi katika kila 100 walikuwa na IgE ya karanga katika damu, lakini zaidi ya 9 katika kila 10 kati ya hao hawakuonyesha uvimbe wowote katika kipimo cha ngozi. Watafiti waliihusisha hali hiyo na kichocho. Watafiti wa Entebbe nchini Uganda nao wameeleza hali inayofanana katika vijiji vya wavuvi wa Ziwa Viktoria. Sukari hizo zimo pia katika kimeng'enya cha nanasi, na maabara nyingi hukitumia kimeng'enya hicho kuzigundua. Kwa hiyo mtu asiache matunda kwa ajili ya karatasi ya maabara tu, kama hajawahi kudhurika kwa kuyala.

Hatua ya nne: kulishwa chini ya uangalizi. Shaka ikibaki, mgonjwa hulishwa tunda lenyewe hospitalini, kuanzia kiasi kidogo sana na kuongezwa hatua kwa hatua, huku daktari akiwa karibu na dawa za dharura zikiwa tayari. Pengine tunda hufichwa ndani ya chakula kingine, ili mgonjwa na hata mpimaji wasijue ni lini limetolewa, woga usije ukaharibu matokeo. Hiki ndicho kipimo cha kukata shauri. Kujaribisha nyumbani "kidogo tu tuone" kwa mtu aliyewahi kuvimba koo ni kuhatarisha maisha.

Kuhusu vipimo vya barabarani, tahadhari ni lazima. Mashine ya kushikwa mkononi inayodai kusoma mwili mzima, kupima nywele, au orodha ndefu ya vyakula itokanayo na kingamwili za aina ya IgG, hazithibitishi mzio wa chakula. Chama cha wataalamu wa mzio wa Ulaya kilitoa waraka mwaka 2008 kwamba vipimo vya IgG visitumiwe kwa kazi hiyo. Kadhalika mtoto anayewashwa koo asipelekwe kukatwa kimeo. Kukata kimeo hakuondoi mzio, bali huleta kutoka damu na maambukizi.

MFANO WA KUFIKIRIA

Tuchukue mfano wa mpangaji wa parachichi ambaye mikono humwasha kila akivaa glavu, pua humtiririka ghalani, na sasa midomo humvimba akila parachichi au ndizi. Wenzake wamemwambia kwamba dawa iliyonyunyizwa mashambani ndiyo chanzo. Tabibu akimhoji atagundua kwamba mwasho huanza dakika chache baada ya glavu, na hupungua siku za mapumziko. Atampima kwa mpira, parachichi na ndizi. Vipimo vikiafikiana na maelezo, shauri litakuwa kubadili glavu, kuacha matunda mawili yaliyothibitishwa, na kuendelea kula mengine yote anayoyala bila shida.

Jambo lingine muhimu kwake ni kumwambia kila muuguzi na daktari, hasa kabla ya kujifungua au kupasuliwa, kwamba mpira unamdhuru. Mtu huyo angeacha parachichi tu na kuendelea na glavu, asingepona. Na angeitwa siku moja katika chumba cha upasuaji bila kusema, hatari ingekuwa kubwa kuliko ile ya ghalani.

DALILI ZA HATARI NA HUDUMA YA KWANZA

Mwasho wa midomo peke yake, unaokwisha kwa dakika chache, si wa kuogofya, ingawa unapaswa kuelezwa kwa tabibu. Hatari ni pale mtu anapobadilika sauti, anaposhindwa kumeza, anapokoroma au kubanwa na pumzi, anapovimba ulimi, anapotapika mfululizo pamoja na vipele, au anapolegea na kutaka kuzimia. Hapo yafanyike haya:

1. Alazwe chali na miguu iinuliwe. Akibanwa na pumzi, aketi huku miguu imenyooshwa. Akizimia alazwe ubavu. Asisimamishwe wala asitembezwe, maana damu hushuka ghafla.

2. Akimbizwe kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu yenye dawa ya dharura. Ikiwezekana itafutwe gari ambamo anaweza kulala. Kumpakiza wima katikati ya watu wawili kwenye pikipiki ni hatari.

3. Mhudumu aambiwe mara moja kwamba yashukiwa kuwa ni mzio mkali. Dawa ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja. Vidonge vya mwasho havifungui koo wala havipandishi damu, kwa hiyo visingojewe.

4. Asinyweshwe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi, na asitapishwe. Kitu chochote kinywani chaweza kumziba.

5. Hata akipata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili huweza kurudi.

Na mwenye nyumba ambaye mgeni amepata shida mezani kwake asishutumiwe. Protini ya tunda safi, lililochumwa na kuoshwa vizuri, yatosha kuleta yote hayo kwa mtu mmoja huku wengine kumi waliokula sahani ile ile wakiwa wazima.

WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Chama si zahanati, na katibu si tabibu. Hata hivyo kuna kazi nne ambazo zimo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kuweka kumbukumbu. Katika daftari la matukio ya kazini, katibu aandike tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, tunda lililoguswa au kuliwa na hali yake, muda uliopita kabla ya dalili, dalili zenyewe, glavu na dawa zilizotumika siku hiyo, na hatua iliyochukuliwa. Nakala apewe mwanachama aende nayo kwa tabibu. Maelezo yaliyoandikwa siku ile ile yana thamani kuliko kumbukumbu ya baada ya miezi mitatu. Daftari hilo ni siri ya mwanachama, lisisomwe mkutanoni.

Pili, kuchunguza glavu. Kamati inaponunua glavu za ghala itazame kama ni za mpira wa asili na kama zina unga. Unga huo hubeba protini za mpira hewani hadi puani. Marekani ilipiga marufuku glavu za unga kwa kazi za tiba kuanzia Januari 2017. Kwa kupanga matunda, glavu za nitraili zisizo na unga hufaa, na mwenye mzio wa mpira asilazimishwe kuvaa nyingine.

Tatu, kujua njia ya rufaa. Mwanachama aanzie zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo apelekwe hospitali ya wilaya au ya misheni iliyo karibu, kama vile Ilembula au Ikonda, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ikihitajika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kwa magonjwa ya ngozi, KCMC mjini Moshi kuna kituo cha mafunzo cha kanda ya Afrika. Kabla ya kumtuma mtu mbali, katibu aulize kwa tabibu wa karibu ni hospitali ipi yenye kipimo kinachohitajika, ili nauli isipotee bure. Kila ghala liwe na namba ya simu ya mwenye gari la dharura ukutani.

Nne, kutoa elimu. Katika mikutano, wanachama waelezwe kwamba mtoto akishatimiza miezi sita ya kunyonya maziwa ya mama peke yake hupaswa kuanzishwa vyakula vingine, matunda yakiwamo, na kwamba kumchelewesha matunda hakumkingi na mzio. Waelezwe pia kwamba aliyethibitishwa kuwa na mzio wa tunda moja anyimwe hilo moja na yale mengine ambayo daktari ameyataja, basi. Asinyimwe kapu zima. Na kwa kuwa mzio wa utotoni huweza kwisha, mtoto arudishwe kupimwa kadiri daktari atakavyoshauri.

Ndugu Makatibu, mnaombwa kuyasoma makala haya katika mkutano ujao wa kamati, na kuhakikisha kwamba daftari la matukio limefunguliwa na glavu za ghala zimekaguliwa kabla mavuno ya parachichi hayajaanza.